Paul Ehrlich na Dawa Namba 606

Soma kifungu cha habari kifuatacho, kisha jibu maswali yanayofuata.

Mtahiniwa, umekariri kwamba kaswende ni ugonjwa wa zinaa unaotibika. Haikuwa hivyo siku zote. Mmoja wa waliobadili hali hiyo ni Paul Ehrlich.

Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 mjini Strehlen, wakati huo ukiwa katika Ufalme wa Prussia, leo uko Poland. Tangu alipokuwa akisomea udaktari alipenda kuzitia rangi seli ili zionekane vizuri kwenye hadubini. Mwaka 1882 Robert Koch alipotangaza bakteria wa kifua kikuu, Ehrlich alibuni njia bora ya kuwatia rangi. Baadaye yeye mwenyewe aliugua. Hakubahatisha: alipima makohozi yake, akawaona bakteria wale wale. Akaenda Misri kupumzika hadi akapata nafuu.

Zingatia tendo hilo, kwa maana kaswende ni ugonjwa mjanja. Huanza na kidonda kisichouma, ambacho hupotea chenyewe. Mgonjwa hudhani amepona, kumbe bakteria wamo mwilini, na baada ya miaka mingi huweza kuharibu moyo na ubongo. Mama mjamzito huweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Bakteria hao waligunduliwa mwaka 1905, na mwaka 1906 August von Wassermann na wenzake wakatoa kipimo cha damu. Ugonjwa ukaweza kutambuliwa hata ukijificha. Lakini tiba ilikuwa bado zebaki, ambayo ni sumu.

Ehrlich alitafuta dawa ya kuua vimelea bila kumwangamiza mgonjwa. Alianzia kwenye atoksili, dawa yenye aseniki. Koch aliitumia kutibu malale katika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Maabara ya Ehrlich mjini Frankfurt ikatengeneza mamia ya dawa za jamii hiyo. Namba 606 iliwekwa kando ikidhaniwa haifai. Mwaka 1909 Mjapani Sahachiro Hata aliipima upya kwa sungura wenye kaswende, nao wakapona. Mwaka 1910 ikaanza kuuzwa kwa jina la Salvarsan.

Dawa hiyo ilikuwa ngumu kuandaa na iliwadhuru baadhi ya wagonjwa. Wapo pia waliomshambulia Ehrlich wakidai kaswende ni adhabu ya uasherati, hivyo haistahili tiba. Hakurudi nyuma. Mwaka 1912 alitoa dawa iliyoboreshwa, Neosalvarsan. Alifariki tarehe 20 Agosti 1915. Miaka ya 1940 penisilini ilichukua nafasi ya dawa zake, nayo inatumika hadi leo.

Nawe, ukiwa na wasiwasi, usisubiri dalili wala usinunue dawa kwa kubahatisha. Nenda kituo cha afya ukapime damu, umalize dozi, na mwenzi wako apimwe na kutibiwa pia, la sivyo mtaambukizana upya. Aibu haijamponya mtu yeyote.

Maswali
1. Kwa nini mwandishi anasema kaswende ni ugonjwa mjanja?
2. Eleza tofauti kati ya mchango wa Wassermann na ule wa Ehrlich.
3. Kupimwa upya kwa dawa namba 606 kunakufundisha nini?
4. Fupisha aya ya mwisho kwa maneno yasiyozidi 20.