Haldane na Elimu ya Kuibuka
Sisi tuishio Machakos tu mbali na bahari, lakini mbuzi tunawafahamu. Na mbuzi ndio waliowaokoa wazamiaji. John Scott Haldane, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1860, alitumia maisha yake kuchunguza hewa inayomdhuru binadamu, migodini na baharini, mara nyingi akijijaribu mwenyewe. Enzi hizo wazamiaji walirejea juu wakiwa hai, kisha wakapooza au kufa, kwa kuwa naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hufanya mapovu mtu aibukapo kwa pupa. Haldane aliwafanyia mbuzi majaribio katika chumba cha hewa iliyoshindiliwa, na mwaka 1908 akatoa majedwali ya kuibuka kwa vituo. Alifariki mwaka 1936.

Kisarufi, irabu moja tu hutenganisha kuzama na kuzamia: azamaye hana hiari, azamiaye ana kusudi. Kusudi hilo halitimii bila kuibuka. Mbele ya Fort Jesus, Mombasa, ilizama mwaka 1697 meli ya Kireno Santo António de Tanná, na mwaka 1977 wazamiaji wakaanza kuichimbua. Kijana wetu atakaye kuzuru mabaki kama hayo asipimwe kwa kina alichofika. Apimwe kwanza kwa subira yake ya kupanda. Mkufunzi anayeharakisha somo hilo anafundisha kuzama.