Maisha ya Seyyid Khalifa bin Harub (1879–1960)

Tangu mjini hadi huku Jozani wapo wazee wanaomtaja bado Seyyid Khalifa kuwa mtu mpole. Nilipokuwa nikifundisha, wanafunzi waliniuliza sana: ikiwa yeye ndiye Sultani, Waingereza walitawalaje?

Alizaliwa Maskati mwaka 1879, akamwoa Bibi Matuka binti Hamud. Shemeji yake, Seyyid Ali bin Hamud, alipojiuzulu mwaka 1911 akiwa Ulaya, Khalifa alikalia kiti mwezi wa Desemba.

Kiti chenyewe kilikuwa kimekwisha kupunguzwa. Unguja iliingia katika himaya ya Waingereza mwaka 1890, na mwaka uliofuata fedha za serikali zilitengwa na mfuko wa Sultani. Yeye akawa wa kupewa posho, na Mwingereza Lloyd Mathews akawa Waziri wa Kwanza, ambaye Sultani hakuweza kumwondoa.

Mwaka 1914 liliundwa Baraza la Himaya. Khalifa aliliongoza na Balozi wa Kiingereza alikuwa makamu wake, lakini kazi yake ilikuwa kutoa shauri tu. Mwaka 1926 yakaja Baraza la Utendaji na Baraza la Kutunga Sheria, yote mawili chini ya Balozi. Sheria zikishapita zilipelekwa kwa Sultani atie sahihi, zikatoka kwa jina lake.

Wengine husema ndivyo ilivyo hata Uingereza. Sivyo. Kule mfalme hutia sahihi yaliyoamuliwa na mawaziri, lakini mawaziri hao huulizwa Bungeni na watu waliochaguliwa, na wakikataliwa huondoka. Balozi wa Unguja alijibu kwa Waziri wa Makoloni, London. Mkulima wa karafuu angemwondoa kwa njia gani? Amri za karafuu na ardhi za mwaka 1934 zilitoka kwa jina la Sultani; Wahindi wakagomea karafuu mwaka 1937, na mapatano ya 1938 wakayafanya na serikali ya Balozi. Walijua kalamu iko mkononi mwa nani.

Sisemi kwamba Khalifa alikuwa sanamu. Alikaa kitini karibu miaka 49, na watu wengi walimheshimu. Ila heshima hiyo iliwafaa Waingereza pia, maana amri yenye jina lake ilipokewa kwa utulivu kuliko ambayo Balozi angeitoa peke yake.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, kwa viti 6 tu. Khalifa alifariki tarehe 9 Oktoba 1960, akarithiwa na mwanawe Abdulla, na baada yake mjukuu, Jamshid. Madaraka ya Balozi yalimfikia Waziri Mkuu Muhammad Shamte mwaka 1963, na uhuru ukapatikana tarehe 10 Desemba. Siku 33 baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yaliondoa serikali hiyo pamoja na usultani.