Fanon, tabibu aliyeisuta Ulaya na kuwaonya warithi wake

MWISHONI mwa mwaka wa 1956, tabibu wa magonjwa ya akili katika mji wa Blida, Algeria, aliiandikia serikali ya Ufaransa barua ya kujiuzulu. Alikuwa Frantz Fanon, mwenye umri wa miaka 31. Mapema mwaka uliofuata alifukuzwa nchini humo.

Fanon alizaliwa Fort-de-France, kisiwani Martinique, Julai 20, 1925. Ujanani alijitolea kuipigania Ufaransa dhidi ya Wanazi, akajeruhiwa mwaka wa 1944 na kutunukiwa nishani. Hata hivyo, jeshini humo alishuhudia askari weusi wakidharauliwa na wenzao weupe waliokuwa wakimwaga damu pamoja nao. Baadaye alisomea udaktari Lyon, na mwaka wa 1952 akatoa kitabu chake cha kwanza kuhusu jinsi ubaguzi unavyomfanya mtu mweusi ajitazame kwa macho ya anayemdunisha.

Huko Blida, alikoanza kazi mwaka wa 1953, vita vya ukombozi vilimletea wagonjwa wa pande zote mbili: Waalgeria walioteswa na polisi wa Kifaransa waliowatesa. Wote hawakupata usingizi. Fanon alitambua kwamba hawezi kumponya mtu kisha amrudishe katika utawala uleule uliomtia wazimu.

Alihamia Tunis, akawa mwandishi katika gazeti la wapiganaji wa FLN. Desemba 1958 alihudhuria mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra, ulioongozwa na Tom Mboya wetu. Wengi ukumbini walielekea kuunga mkono mapambano ya amani. Fanon alishikilia kwamba mkoloni aliyekuja kwa bunduki hataondoka kwa maombi.

Mwaka wa 1961, akiugua saratani ya damu, alitunga kitabu chake cha mwisho, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka wa 1978 kwa jina Viumbe Waliolaaniwa. Humo aliishutumu Ulaya kwa kuhubiri utu huku ikiua, na kwa utajiri uliotokana na jasho la makoloni.

Wasomaji wengi huishia kwenye sura ya vita, nayo kweli inatisha. Kwetu, nadhani, sura iliyo nzito zaidi ni ile inayowachambua warithi wa mkoloni: tabaka lisilozalisha chochote, linalogeuka dalali wa mashirika ya kigeni, kisha mali ikipungua linakimbilia ukabila. Aliyaandika hayo kabla Kenya haijapata uhuru. Ngugi wa Thiong'o alikisoma kitabu hicho akiwa mwanafunzi Leeds, na riwaya zake za baadaye zinaonyesha alivyokielewa.

Fanon alifariki Desemba 6, 1961, hospitalini Bethesda, Marekani. Wapiganaji waliubeba mwili wake kutoka Tunisia, wakavuka mpaka na kumzika katika ardhi ya Algeria, miezi saba kabla ya nchi hiyo kujinyakulia uhuru. Hospitali ya Blida sasa inaitwa kwa jina lake.