Victor Hugo na vinara vya askofu

Victor Hugo alizaliwa katika mji wa Besançon, nchi ya Ufaransa, tarehe 26 Februari 1802. Baba yake alikuwa ofisa katika jeshi la Napoleon. Tangu ujana wake Victor alipenda kutunga mashairi, na mwaka 1822 alitoa kitabu chake cha kwanza. Mwaka ule ule alimwoa Adèle Foucher. Baadaye aliandika michezo ya kuigiza, na mwaka 1831 akatoa hadithi ndefu juu ya kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris. Kanisa lile lilikuwa limechakaa sana. Watu waliokisoma kitabu walilionea huruma, na baadaye likaanza kutengenezwa.

Lakini sifa haizuii msiba. Tarehe 4 Septemba 1843, binti yake Léopoldine, mwenye umri wa miaka 19, alikufa maji katika mto Seine, chombo chao kilipopinduka. Mumewe alijaribu kumwokoa, akafa pamoja naye. Baba alikuwa safarini, akaipata habari ile kwa kusoma gazeti. Kwa miaka mingi hakutoa kitabu tena.

Msiba wa pili ulikuja mwaka 1851. Rais Louis-Napoléon Bonaparte aliivunja sheria na kujitwalia utawala wote. Hugo, aliyekuwa mjumbe wa bunge, alimpinga. Ikambidi akimbilie Ubelgiji, kisha kisiwa cha Jersey, na mwisho kisiwa cha Guernsey. Mwaka 1859 mtawala yule aliwasamehe wakimbizi, na wengi wakarudi kwao. Hugo alitamani nchi yake, lakini alikataa kurudi kabla ya uhuru wenyewe kurudi.

Huko ugenini alimaliza kitabu chake kikubwa, Les Misérables, kilichotoka mwaka 1862. Ndani yake yumo Jean Valjean, aliyeiba mkate kwa ajili ya watoto wenye njaa, akakaa kifungoni miaka 19. Alipotoka, kila mlango ulifungwa mbele yake, ila mlango wa askofu mmoja. Naye usiku aliiba vyombo vya fedha vya askofu yule! Askari walipomrudisha, askofu aliwaambia ya kuwa alimpa vyombo vile yeye mwenyewe. Tena akamwongezea vinara viwili vya fedha. Tangu siku ile moyo wa mwivi ukaanza kugeuka. Yale ambayo kifungo hakikuweza, huruma iliyaweza.

Hugo hakuishia katika maandiko tu. Katika nyumba yake ya Guernsey aliwaita watoto maskini kila juma, wakala mezani pake.

Maisha yake hayakunyoka yote: hakuwa mwaminifu kwa mke wake, na aliacha desturi za Kanisa, ingawa alimsadiki Mungu. Alirudi Ufaransa mwaka 1870, utawala ule ulipoanguka, akafa Paris tarehe 22 Mei 1885. Aliwaachia maskini faranga 50,000, akaagiza mwili wake uchukuliwe katika gari la maskini. Watu wengi mno walilifuata gari lile.

Basi, anayegongewa mlango na mtu aliyekataliwa na wote, na avikumbuke vile vinara viwili.