Agathe Uwilingiyimana: Mwalimu wa kemia aliyefuta mgawo wa kikabila shuleni

Kwa miaka mingi, mtoto wa Muganza, huko Cyangugu, aliyemaliza shule ya msingi hakupimwa kwa alama zake peke yake. Chini ya utawala wa Rais Juvénal Habyarimana, sera iliyoitwa iringaniza iligawa nafasi za sekondari, na za kazi serikalini, kwa kabila na kwa mkoa anakotoka mtu.

Aliyeufuta mgawo huo katika elimu alikuwa mwalimu. Agathe Uwilingiyimana alizaliwa mwaka 1953 Nyaruhengeri, kusini mwa Rwanda, katika familia ya wakulima wa Kihutu. Alisomea kemia, somo lililokuwa na wasichana wachache mno, kisha akaifundisha mjini Butare.

Aprili 1992 aliteuliwa Waziri wa Elimu, akaamuru nafasi zitolewe kwa ufaulu. Kwa wenye siasa kali, Mhutu kufuta upendeleo uliowanufaisha Wahutu ulikuwa usaliti, tena kutoka kwa mwanamke. Watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake. Hakubadili uamuzi.

Julai 1993 akawa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza nchini humo kushika wadhifa huo. Ndege ya Habyarimana ilipodunguliwa usiku wa Aprili 6, 1994, uongozi wa serikali ulibaki mikononi mwake. Alikusudia kulihutubia taifa redioni asubuhi. Hakufika: wanajeshi walimuua pamoja na mumewe, na walinda amani 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda wakauawa pia. Watoto wake watano, waliofichwa, walinusurika.