Alitoroka Kambi Ili Apande Mlima Kenya, Kisha Akarudi

Watu hutoroka kifungoni waende zao nyumbani. Felice Benuzzi alitoroka ili apande mlima, na alijua kabisa kwamba atarudi mwenyewe kufungwa.

Jamaa huyu alizaliwa Vienna mwaka wa 1910, akalelewa Trieste, Italia. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta Ethiopia akifanyia serikali yao kazi. Waingereza wakamnasa mwaka wa 1941, na mwishowe akajipata katika kambi ya wafungwa wa vita Nanyuki. Kilichokuwa kikimmaliza huko ni kukaa bure, leo kama jana. Kama umewahi kumaliza miezi mtaani bila kazi, unamwelewa. Halafu mawingu yakafunguka, akauona Mlima Kenya.

Akajipanga na wenzake wawili, daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Vyuma chakavu wakavigeuza meno ya kufunga chini ya viatu, nyundo zikawa mashoka ya barafu, kamba za vitanda zikawa za kukwea. Ramani hawakuwa nayo. Walitegemea mchoro wa mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Chakula nacho walijinyima kidogo kidogo, wakakificha.

Januari 24, 1943, wakachomoka.

Sasa fikiria mapishi ya huko. Hapa Bondo maji huchemka kwenye nyuzi kama 96, na bado nyoyo inakula makaa si haba. Kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985, hewa ni nyepesi, kwa hivyo maji huchemka kwenye nyuzi kama 83 tu. Sufuria inatokota vizuri, lakini maharagwe yanabaki mawe. Kuni nazo hazimei huko. Unakula ulichobeba, na kikiisha, kimeisha.

Barsotti aliugua, akabaki chini. Benuzzi na Balletto wakajaribu Batian, dhoruba ya theluji ikawarudisha. Wakageukia Lenana, wakasimika bendera ya Italia, kisha wakateremka na njaa yao hadi Nanyuki na kujisalimisha. Wakapewa siku 28 za kufungiwa. Mkuu wa kambi akazipunguza hadi 7, kwa kuheshimu walichofanya.

Baada ya vita Benuzzi alikuwa mwanadiplomasia, na kitabu chake kuhusu safari hiyo kinasomwa hadi leo. Alifariki mwaka wa 1988.

Vita havikubadilika hata kidogo kwa sababu yake. Ila kwa siku hizo chache, kuamka, kula na kulala alijipangia mwenyewe.