Daktari wa Kimeta: Maisha ya Robert Koch



Kama umekulia Dundori kama mimi, haya umeyaona. Ng'ombe mzima jioni, asubuhi amelala chini, tumbo limefura, damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani. Hapo majirani hugawanyika. Wengine wanasema lete kisu haraka nyama isiharibike. Wengine wanasema hapana, hicho ni kimeta, aitwe daktari wa mifugo. Kwetu mzoga ni haramu, kwa hivyo habari ya kisu haikuwepo, lakini nikiwa mdogo nilishangaa daktari alipokataza hata kuchuna ngozi. Akaamuru shimo refu na chokaa, basi. Na usidhani ni mambo ya kale: mwaka 2015 kimeta kiliua nyati zaidi ya 100 pale mbuga ya Ziwa Nakuru, hapo chini tu kwetu.

Aliyetufungulia siri hiyo ya ngozi na shimo alikuwa daktari wa kijijini, hana maabara, hana msaidizi. Hebu nikusimulie.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Disemba 1843 huko Clausthal, mji wa migodi nchini Ujerumani, katika nyumba yenye watoto wengi. Akasomea udaktari Göttingen, akamaliza 1866, akaoa, akahudumu katika vita vya Ujerumani na Ufaransa. Mwaka 1872 akapewa kazi ya daktari wa wilaya Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Kondoo na ng'ombe wa wakulima wa huko walikuwa wakifa kwa kimeta kama wa kwetu.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini maradhi yanaletwa na hewa chafu. Vijiti vidogo sana katika damu ya mnyama wa kimeta vilikuwa vimeshaonekana, lakini je, ndivyo vinavyoua au vimekuja tu baada ya kifo? Koch alipazia sehemu ya chumba anachotibia wagonjwa, akaweka hadubini yake huko, akachukua kijiti cha mti, akakichovya katika damu ya kondoo aliyekufa na kukiingiza kwenye ngozi ya panya. Panya akafa, na damu yake imejaa vijiti vilevile. Panya wa damu safi wakabaki wazima. Kisha akavikuza vijiti hivyo nje ya mwili kabisa, katika maji ya jicho la ng'ombe, na bado viliua. Hapo ubishi ukaisha.

Lakini sikiliza hili, ndilo linalotuhusu sisi wa mashambani. Koch aliona kwamba vijiti hivyo vikikosa raha hujifunga ndani ya ganda gumu kama mbegu, na mbegu hiyo hukaa ardhini miaka na miaka ikingoja mnyama wa kuilisha. Hewa ndiyo huvisaidia kujifunga hivyo. Ukipasua mzoga au kuuchuna, damu inamwagika, hewa inaingia, na shamba lako limeshapandwa kimeta. Sasa unaelewa yule daktari wetu alikuwa anaogopa nini. Koch aliyatangaza haya 1876.

Berlin ikamwita 1880. Tarehe 24 Machi 1882 akasimama mbele ya wataalamu akaonyesha kijidudu cha kifua kikuu, maradhi ambayo wakati huo yalikuwa yanaua takriban mtu mmoja katika kila saba. Ndiyo maana hadi leo tarehe hiyo ni siku ya kifua kikuu duniani. Miaka miwili baadaye, baada ya safari za Misri na India, akatangaza kile cha kipindupindu. Kila mahali jina lake likawa Koch, Koch, Koch.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, sifa zilianza kumponza. Kumjua adui ni jambo moja, kuujua mwili unaopigana naye ni jambo jingine.

Chukua kifua kikuu. Unavuta hewa, kijidudu kinaingia mapafuni, chembe nyeupe za damu zinakimeza kama kuku anavyomeza mchwa. Shida ni kwamba hakisagiki. Basi chembe nyingine zinakuja, zinazunguka zile za kwanza na kujenga boma. Watu wengi walioambukizwa hukaa na boma hilo ndani yao maisha yote bila hata kukohoa. Boma likibomoka, kwa njaa, kwa uzee, kwa ukimwi, ndipo maradhi hutoka.

Mwaka 1890 Koch alitangaza dawa yake ya kifua kikuu, aliyoitengeneza kutokana na vijidudu hivyohivyo, akaficha namna alivyoitengeneza. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka nchi nyingi. Lakini mwili ulioambukizwa unakumbuka: ulipochomwa sindano ile, askari wake wote walikurupuka mara moja, homa ikapanda, sehemu zilizo na boma zikawaka moto. Haikuponya, na wengine walikufa. Ajabu ni kwamba dawa hiyo iliyoshindwa ndiyo mama wa kile kipimo cha sindano ndogo mkononi, ambacho unarudi baada ya siku mbili tatu waangalie kama pamevimba. Kumbukumbu ileile ya mwili, ila sasa kwa tone dogo tu.

Alipewa tuzo ya Nobel 1905. Mwaka uliofuata akaja kwetu Afrika Mashariki, pamoja na mke wake wa pili, Hedwig. Malale ilikuwa imeangamiza watu zaidi ya 200,000 kuzunguka Ziwa Nyanza. David Bruce alikuwa ameshaonyesha 1903 kwamba mbung'o ndiye anayeieneza. Koch akapiga kambi kisiwa cha Bugala, katika visiwa vya Sese, Uganda, na wagonjwa zaidi ya 1,000 wakapita mikononi mwake.

Kidudu cha malale ni mjanja kuliko vyote nilivyokutajia. Mwili ukishatengeneza kingamwili za kukikamata, kinabadilisha koti. Unatengeneza nyingine, kinabadilisha tena, hadi kinafika kwenye ubongo. Koch alitumia atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake, ingawa jina lenyewe maana yake ni isiyo na sumu. Mwanzoni damu ilisafika na wagonjwa wakainuka, akafurahi. Kisha vidudu vikarudi. Badala ya kusimama, akaongeza kipimo. Wagonjwa kadhaa wakapofuka, na macho yao hayakurudi tena.

Mimi siwezi kumfutia hilo kwa sababu ya panya wa Wollstein. Kwao Ujerumani asingewafanyia watu vile kirahisi, baada ya aibu ya 1890. Wavuvi wa Sese hawakuwa na wa kuwasemea.

Koch aliondoka 1907. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910 akiwa na miaka 66, na majivu yake yamehifadhiwa Berlin katika taasisi yenye jina lake. Visiwa vya Sese wakati huo vilikuwa mahame. Serikali ya Waingereza ilikuwa imewahamisha wenyeji ili kuwaepusha na mbung'o, na walianza kurudi miaka mingi baadaye.